Kasha na Valvu: Maneno juu ya Kujitengenezea Vikuza Sauti vya Gitaa



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ya kujitengenezea chombo kidogo cha kukuza sauti ya gitaa, yaani kile kikaacho sakafuni karibu na mguu wa mpigaji, akakikanyaga apendapo sauti ibadilike, na ambacho ndani yake mna valvu, ile taa ya kioo iliyokuwamo katika redio za zamani. Huenda mmoja wetu akauliza moyoni: jambo hili lamhusu nini karani, ambaye kazi yake ni kalamu na jalada? Twajibu kwamba lamhusu kwa sababu tatu. Kwanza, mji wetu wa Tabora ni mji wa magitaa tangu zamani, na muziki ni sehemu ya jina lake. Pili, vyombo vya namna hii vitokavyo ng'ambo ni ghali, na wenye kuvitaka ni watoto wetu, ambao hawana mshahara. Tatu, na hii ndiyo sababu iliyo kubwa kuliko zote, vijana hawakungoja ruhusa yetu. Wengine wamekwisha kuanza kufungua vyombo vya umeme na kuviunga kwa kubahatisha, na umeme haumsamehe mtu kwa kuwa alikuwa na nia njema.

Neno letu leo ni moja, nalo ni hili. Katika chombo hiki watu hutazama valvu, kwa sababu ndiyo ing'aayo. Walakini nusu ya kazi ni kasha. Kasha baya huharibu sauti nzuri, na kasha baya laweza kuua mtu. Tutaeleza kwa nini ni hivyo, kisha tutaeleza jinsi ya kulitengeneza kasha jema kwa vitu vipatikanavyo hapa petu, na mwisho tutawaletea wanachama shauri la kuamua.

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe na kufika Ujiji, haikupitisha pembe na watu tu. Bidhaa tatu zilikuwa ndizo fedha ya safari: nguo, shanga na nyaya za shaba. Waya mnene uliitwa masango, nao ulichukuliwa kwa mizigo ya mzega, yaani mafungu mawili yaliyoning'inizwa ncha hii na ncha hii ya mti mmoja, mpagazi akautia begani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila 2, ndiyo kadiri ya kilo 32. Burton alipofika hapa mwaka 1857, na Stanley alipofika mwaka 1871, wote wawili walikuta mji ambao waya ulihesabiwa kwa makini kama fedha ihesabiwavyo katika ofisi zetu. Mafundi wa bara waliuvuta waya ule ukawa mwembamba, wakauzungusha ukawa bangili. Basi asiseme mtu kwamba kazi ya waya na chuma ni kazi ya kigeni kwetu.

Tena wapagazi walijua jambo ambalo fundi wa leo yampasa alijue: mzigo haufiki kwa thamani ya kilichomo, hufika kwa ulivyofungwa. Shanga zilizofungwa vibaya zilimwagika njiani, na nguo iliyofungwa vibaya ilifika imeoza kwa mvua. Mwenye mali alitazama kwanza kamba na mkeka, ndipo akatazama mali.

Baada ya misafara ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baadaye tawi likaenda Mwanza, hata mji wetu ukawa njia panda ya abiria, barua na nyimbo. Katika miaka ya 1950 na 1960 zikasikika hapa bendi ambazo sifa zake zilienea nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliimbia, na Nyanyembe Jazz, iliyochukua jina la nchi hii. Watu wengi walizijua kwanza kwa njia ya redio, na redio nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa za valvu. Vikuza sauti vya magitaa navyo vilikuwa vya valvu, kwa kuwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa bado haijaenea katika kazi hiyo. Kwa hiyo sauti ile ya gitaa ambayo wazee wetu wakiisikia hutikisa vichwa, ile iliyo laini pembeni na yenye mkwaruzo kidogo mpigaji akikaza mkono, kwa sehemu ni sauti ya valvu.

Yafaa tukumbuke pia kwamba katika bendi nyingi za nchi yetu vyombo havikuwa mali ya mpigaji. Vilikuwa mali ya chama, au ya mwenye bendi, au ya shirika lililowaajiri wanamuziki. Mpigaji akitoka, alitoka mikono mitupu. Kijana ajuaye kujitengenezea chombo chake mwenyewe amepata kitu ambacho wengi waliomtangulia hawakuwa nacho.

Na kama mtu akidhani kwamba kasha lazima litoke kiwandani Ulaya ndipo liwe kasha, na asikie habari ya jirani zetu wa Zambia, nchi iliyoitwa zamani Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa huko redio ya bei nafuu kwa watu wa kawaida, kwa juhudi za Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya huko. Ilikuwa na valvu 4, ikatumia betri kavu, na bei yake ilikuwa pauni 5. Kasha lake lilikuwa nini? Lilikuwa sufuria ya aluminiamu isiyo na mkono, upana wake inchi 9. Watu wakaiita redio ya sufuria, na jina hilo limebaki katika vitabu hata leo. Sufuria ile haikuota kutu, wadudu hawakuitoboa, haikuvunjika ikianguka, nayo ilikuwa ya chuma pande zote. Ushikeni sana neno hilo la chuma pande zote, maana tutalirudia.

Sasa tueleze valvu yafanya kazi gani. Mwaka 1904 Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu ya sehemu mbili, na mwaka 1906 De Forest wa Marekani akaongeza sehemu ya tatu, na sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyowezesha kukuza sauti. Ndani ya kioo hewa imetolewa. Katikati mna kibomba chembamba cha chuma kiitwacho kathodi, kipashwacho moto na uzi uwakao mwekundu kama kaa. Kikipata moto hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Pembeni kuna ukuta wa chuma uitwao anodi, wenye umeme chanya, nao huzivuta chembe hizo zivuke. Kati ya hivyo viwili umezungushwa uzi mwembamba kama wavu, nao ndio gridi. Umeme dhaifu utokao katika gitaa huingizwa katika gridi. Gridi ikizidi kuwa hasi, chembe huzuiwa. Ikilegea, chembe hupita kwa wingi.

Mfano wake ni Bwawa la Igombe, ambalo watu wa Tabora twalijua. Mtu mmoja akizungusha gurudumu la mlango wa maji kwa mkono wake, maji mengi hupita au husimama. Nguvu ya maji si nguvu ya mkono. Maji yalikuwako bwawani, mkono umeyaamuru tu. Vivyo hivyo gitaa haliipi sauti nguvu. Nguvu hutoka katika betri au transfoma, na gitaa huiamuru kwa njia ya gridi.

Valvu ijulikanayo sana katika kazi hii Ulaya huitwa ECC83, na Marekani huitwa 12AX7. Ina miguu 9, na ndani ya kioo kimoja mna valvu mbili ndogo. Ikipewa umeme wa volti 250 kwa njia ya rizista ya ohmu 100,000, kila nusu yaweza kukuza kadiri ya mara 60. Sasa na tufanye hesabu, kwa maana sisi ni makarani. Nusu ya kwanza ikikuza mara 60, na nusu ya pili ikakuza tena mara 60, jumla ni mara 3,600. Hiyo ni furaha kubwa kwa mwenye gitaa. Lakini valvu haijui gitaa ni lipi na takataka ni ipi. Nyaya za umeme zilizomo ukutani mwa nyumba zetu hutikisika mara 50 kwa kila sekunde, na mtikisiko huo huingia katika kila waya ulio wazi ulio karibu. Tuseme kwamba mlangoni mwa chombo umeingia mvumo mdogo wa volti 0.001 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya volti. Zidisha mara 3,600, nao utatoka ukiwa volti 3.6. Kabla kijana hajagusa uzi hata mmoja, ukumbi mzima utasikia mvumo kama wa nyuki waliochokozwa. Hata kitasa cha kupunguza sauti kikiwekwa katikati, kama ilivyo desturi, mvumo hupungua pamoja na gitaa lenyewe, wala hautengani nalo.

Hapo ndipo kasha linapoingia kazini. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa kwa chuma pande zote, akaonyesha kwamba nguvu ya umeme iliyo nje haiingii ndani. Kasha la chuma lililofungwa pande zote, na likaunganishwa na waya wa ardhi wa chombo, ni chumba kidogo cha Faraday. Mvumo wa nyaya za ukutani huishia katika kuta zake. Ndiyo maana sufuria ilifaa, na ndiyo maana kasha la plastiki halifai likiwa peke yake. Hata kasha la mninga, mti mzuri wa misitu yetu, halizuii mvumo ingawa lapendeza macho. Anayetaka kutumia mninga atumie, lakini ndani alipake ngozi ya bati la aluminiamu pande zote sita, na vipande vyote viunganishwe pamoja kisha viungwe na waya wa ardhi. Bati moja likiachwa peke yake bila kuungwa, ni kama mlinzi aliyelala.

Tena tutofautishe mambo mawili. Aluminiamu huzuia mvumo wa umeme wa nyaya, lakini haizuii sawasawa mvumo wa sumaku utokao katika transfoma. Huo dawa yake ni umbali. Transfoma isiwekwe katika kasha moja na valvu ya kwanza kama yawezekana kuepukwa. Na kama haiepukiki, ikae pembe ya mbali kabisa, tena igeuzwe upande mpaka mvumo upungue.

Sasa namna ya kulitengeneza. Tumeona vijana wakianza kwa kuunga valvu mezani, kisha wakatafuta kasha la kuitosha. Twashauri kinyume chake: anza na kasha. Chukua karatasi, uchore kila kitu kwa ukubwa wake halisi: soketi ya valvu, vitasa, tundu la kuingilia gitaa, tundu la kutokea, na swichi ya kukanyagia. Tundu la kuingilia liwe upande mmoja na la kutokea upande wa pili, ili sauti iliyokwisha kukuzwa isirudi mlangoni. Ikirudi, chombo hupiga mluzi. Waya wa kutoka tundu la kuingilia hadi gridi ya kwanza uwe mfupi kuliko nyaya zote, nao uwe na vazi la waya kwa nje.

Kisha tafuta chuma. Bati la aluminiamu la unene wa milimita 1.5 hadi 2 lafaa, kwa maana chombo hiki kitakanyagwa na mtu mzima, tena mara nyingi kwa furaha. Sufuria nzito iliyochakaa ikikatwa hutoa bati jema. Mafundi wanaoyeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina wakafanya sufuria waweza pia kukumiminia kasha zima, ukiwapelekea mfano wa mti. Bandika karatasi yako juu ya bati kwa gundi, utie alama kila katikati ya tundu kwa msumari mgumu na nyundo, utoboe kwanza kwa keekee ya milimita 3, kisha upanue kidogo kidogo na kumalizia kwa tupa. Tundu la soketi ni pana kuliko keekee za kawaida. Basi toboa duara la vitundu vidogo, ukate katikati, usugue kwa tupa ya duara mpaka soketi yako mwenyewe iingie. Pima soketi uliyonayo mkononi, usipime ile ya kitabuni.

Valvu ni kioo, na mguu wa mpigaji hauna macho. Kwa hiyo ilaze au uisimamishe ndani ya kasha, na mbele yake utoboe vitundu vya kupitisha joto. Uzi wa moto wa ECC83 hula volti 12.6 kwa ampea 0.15, ndiyo kadiri ya wati 1.9. Joto hilo si la kupikia, lakini katika kasha dogo lisilo na tundu hukaa na kuchosha vitu vilivyo karibu, hasa kapasita za maji. Anayependa watu waione valvu iking'aa na atie dirisha la wavu wa chuma, wavu huo ukiguswa na kasha vizuri ili ukuta usiwe na pengo. Miguu ya kasha ikatwe katika mpira wa gurudumu kuukuu, ule ule wa kutengenezea makatambuga. Hauna gharama, tena hauterezi.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili: aluminiamu haishiki risasi ya kulehemia. Ukijaribu kulehemu waya wa ardhi juu yake, utaganda juu juu kisha utabanduka safarini. Toboa tundu, kwangua rangi na kutu nyeupe mpaka chuma king'ae, kisha ukaze kwa skrubu, washa yenye meno, na kiungo cha shaba; waya ulehemiwe katika kiungo hicho. Waya wa ardhi wa sauti uguse kasha mahali pamoja tu, karibu na tundu la kuingilia. Ukigusa mahali pawili au patatu, umeme huzunguka humo kama mtu aliyepotea njia, nao huleta mvumo ule ule tulioukimbia. Na kila waya upitao katika tundu la chuma uvikwe mpira, maana ukingo wa bati ni kisu.

Sasa umeme wenyewe. Hapa twawaomba ndugu mtusikilize kwa makini. Ziko njia mbili za kulisha chombo hiki: njia ya volti 12 na njia ya volti 250. Mwanafunzi aanze na njia ya volti 12, wala asione haya. Atumie valvu iitwayo ECC82, au kwa jina la Marekani 12AU7. Hii hukuza kidogo kuliko ECC83, na kwa volti 12 hukuza mara chache tu kwa kila nusu, lakini kwa chombo cha mguuni yatosha. Mguu wa 4 na wa 5 hupewa volti 12 za kuwashia uzi, na wa 9 huachwa. Mguu wa 1 ni anodi, wa 2 ni gridi, wa 3 ni kathodi. Na nusu ya pili hufuata vivyo hivyo katika wa 6, wa 7 na wa 8. Katika mpango rahisi kathodi zote mbili huenda ardhini. Kila gridi hupewa rizista ya ohmu milioni 1 iendayo ardhini. Kila anodi hupokea umeme kwa rizista ya ohmu 100,000 hadi 220,000. Na sauti huvushwa kutoka hatua hata hatua kwa kapasita ya maikrofaradi 0.1. Kitasa cha kupunguza sauti huwekwa mwisho. Vitu hivyo vyote vyaenea katika kiganja.

Betri ndogo ya muhuri ya volti 12 na ampea-saa 7, ya namna itumikayo katika pikipiki na kengele za ulinzi, hufaa sana. Tukiitumia nusu tu ili isiharibike, tuna ampea-saa 3.5, tukigawanya kwa 0.15, twapata kadiri ya saa 23. Basi chombo hiki chaweza kufanya kazi usiku kucha bila kutegemea umeme wa TANESCO. Betri ndogo ya mraba ya volti 9 haifai. Uzi ungeimaliza kwa saa chache, tena usingepata joto lake kamili. Lakini tahadhari: volti 12 hazimtetemeshi mtu, ila betri ya gari ikikutanishwa ncha kwa ncha huyeyusha waya na kuwasha nguo. Fyuzi ya ampea 1 iwekwe karibu kabisa na ncha ya betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Njia ya pili ni ya volti 250. Sauti yake ni pana zaidi, nasi hatusemi kwamba ni haramu. Twasema kwamba ni ya mtu aliyefundishwa na aliye na mwalimu pembeni. Umeme wa nyumbani usiingizwe moja kwa moja katika chombo. Upite katika transfoma inayoutenga kabisa na ule wa ukutani. Kapasita za umeme mkubwa hubaki na nguvu hata baada ya plagi kuchomolewa, nazo zimewaangusha watu waliodhani kazi imekwisha. Zitiwe rizista ya kuzimwaga polepole, na kabla ya kugusa, pima kwa mita mpaka uone sifuri. Anayepima atumie mkono mmoja, wa pili autie mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Tena kuna jambo ambalo mpigaji gitaa hulisahau. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa na kasha la kikuza sauti kwa waya. Kasha likipata umeme kwa sababu ya waya uliolegea, nyuzi nazo zimepata umeme, na mpigaji amezishika kwa vidole vyote. Akigusa maikrofoni iliyo na waya wa ardhi, umeme humpitia. Haya si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 3 Mei 1972, katika mji wa Swansea huko Uingereza, mpigaji gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mbele ya watu kwa namna hiyo, kwa sababu vyombo havikuwa na waya wa ardhi uliotengenezwa vizuri. Mwaka 1976 mwimbaji Keith Relf, aliyepata kuimba na bendi ya Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa lililounganishwa na umeme. Walikuwa watu waliozoea vyombo. Ule mguu wa tatu wa plagi, ambao twaona watu wakiukata au kuuziba kwa kijiti, ndio mguu uliowekwa kwa ajili ya uhai wa mtu. Kasha la chuma lililoungwa na waya wa ardhi huupeleka umeme uliopotea ardhini, nayo fyuzi ikakatika. Kasha la chuma lisiloungwa ni mtego uliotegwa.

Huenda mtu akatuuliza: mbona taabu yote hii, na transista ni rahisi, haivunjiki, wala haihitaji moto? Swali ni la haki, nasi twalijibu kwa haki. Kwa kazi nyingi transista yatosha, na asiye na fedha ya valvu aanze nayo, maana kasha ni lile lile na maarifa ni yale yale. Valvu siku hizi hutengenezwa katika nchi chache, kama vile Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo huagizwa kutoka mbali na nauli huongeza bei. Lakini valvu ina sifa mbili. Ya kwanza, ikizidiwa haikatiki ghafula. Hukunja sauti taratibu, na masikio ya wengi huipenda. Ya pili, ni mwalimu mwema: mwanafunzi huuona moto ukiwaka, huhesabu miguu kwa kidole, huufuata kila waya kwa macho, na akikosa huweza kuona alipokosea.

Basi, ndugu wanachama, shauri letu ni hili. Ikiwa chama kitatenga fedha kwa ajili ya muziki wa vijana, fedha hizo zisinunue makanyagio yaliyo tayari, ambayo yakiharibika hakuna awezaye kuyafungua. Zinunue mita moja nzuri, chuma cha kulehemia, keekee, tupa na fyuzi, vitu ambavyo havimaliziki kwa kutumiwa na mtu mmoja. Alasiri ya Jumamosi moja kila mwezi iwe siku ya kazi, na fundi wa umeme aliye na cheti akaribishwe kukagua. Tena iwe sharti katika ukumbi wowote tuusimamiao: chombo kilichotengenezwa kwa mkono kisichomekwe katika umeme wa ukutani mpaka kasha lake limefunguliwa na waya wa ardhi umepimwa mbele ya mtu wa pili, naye aandike jina lake katika daftari. Sisi makarani tumezoea kutia sahihi kwa ajili ya fedha ya umma. Haitatushinda kutia sahihi kwa ajili ya uhai wa kijana.

Karani asidharau tupa, wala fundi asidharau kalamu. Chombo tulichokieleza chahitaji vyote viwili, kwa kuwa mchoro hutangulia tundu, na hesabu hutangulia waya. Twawaachia wanachama shauri hili walijadili, na majibu ya maswali yenu tu tayari kuyatoa.